Kasi Si Uthabiti: Uboreshaji wa Mtandao wa Nyumbani kwa Utiririshaji wa Sauti ya Ubora wa Juu Mjini Gisenyi, Rwanda

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna muunganisho wa intaneti wa nyumbani mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, unavyoweza kuboreshwa ili ubebe sauti ya ubora wa juu bila kukatika wala kushushwa daraja. Hoja kuu ni kwamba kazi hiyo haihitaji kasi kubwa bali uthabiti wa ufikishaji, na kwamba usemi wa kila siku, "mtandao ni mbaya", unaficha hitilafu nne zenye tiba tofauti. Makala inazitofautisha hitilafu hizo kwa istilahi za Kiswahili, inaonesha kwa hesabu jinsi upotevu mdogo wa pakiti unavyoweza kuinyima familia sauti iliyokwisha kuilipia, inapanga hatua za marekebisho, na kuhitimisha kwa mapendekezo ya kisera. Suala hili lina uzito kwa watafiti wa lugha kwa kuwa sehemu ya rekodi za kale za Rwanda imehifadhiwa mbali na Rwanda, nayo humfikia msikilizaji kwa njia ya mtandao.

1.0 Utangulizi

Mji wa Gisenyi umekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, ukiwa umepakana na Goma kiasi kwamba mgeni asiyeona kizuizi cha mpaka angedhani ni mji mmoja. Wachuuzi, wanafunzi na jamaa wa pande zote mbili huvuka kila siku kwa miguu, na pamoja nao huvuka lugha. Kinyarwanda ndicho lugha ya nyumbani kwa wengi. Kiswahili ni lugha ya soko na ya mpaka. Kifaransa na Kiingereza ni lugha za shule na ofisi. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge lake lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, hadhi ya kisheria haileti istilahi yenyewe. Mkazi wa Gisenyi ambaye muziki wake umekatika katikati husema kwamba "rezo" imekwenda, neno lililotokana na Kifaransa, au husema kwa Kiswahili kwamba mtandao ni mbaya. Kauli zote mbili ni za kweli, lakini hazimwongozi mtu kwenye tiba.

Matokeo ya ukungu huo ni gharama. Anayeamini kwamba mtandao mbaya ni mtandao usio na kasi hununua kifurushi kikubwa zaidi. Ikiwa hitilafu imo ukutani mwa nyumba yake, kifurushi kipya hakitabadilisha lolote isipokuwa ankara. Makala hii inachunguza tatizo hilo kwa kutumia matumizi yanayolidhihirisha vizuri zaidi, yaani utiririshaji wa sauti ya ubora wa juu. Sauti hiyo haihitaji kasi kubwa kama video, lakini msikilizaji huutambua mkatiko wake mara moja. Kwa sababu hiyo ni kipimo kizuri cha uthabiti wa mtandao.

2.0 Kwa Nini Ubora wa Sauti Unamhusu Mtafiti wa Lugha

Usikilizaji wa sauti ya ubora wa juu huchukuliwa kuwa anasa ya wenye spika za bei kubwa. Kwa eneo la Maziwa Makuu dhana hiyo haitoshi, kwa sababu mbili.

Kwanza, Kinyarwanda ni lugha ya toni yenye kutofautisha irabu fupi na ndefu, ilhali othografia yake ya kawaida haioneshi toni wala urefu wa irabu. Neno umuryango laweza kuwa na maana ya familia au ya mlango, na maandishi peke yake hayamwambii msomaji ni lipi. Kwa sehemu hiyo ya lugha, hati kamili ni rekodi ya sauti. Rekodi nyingi za namna hiyo zimo katika hazina zilizo mbali. Hugh Tracey alirekodi muziki nchini Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mkusanyo wake umo katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1954 na ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, nayo ina mkusanyo mkubwa wa rekodi za eneo hili.

Pili, zipo sanaa za eneo hili ambazo uzuri wake umo katika sehemu ya sauti inayopotea upesi. Mfano bora ni inanga ya kunong'ona ya Burundi, ambapo mpigaji hunong'ona maneno huku akipiga nyuzi. Cornelia Fales, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2002, alionesha kwamba mnong'ono huo, ambao wenyewe hauna toni ya muziki, humwingia msikilizaji kana kwamba unaimbwa, kwa jinsi unavyoungana na mlio wa nyuzi. Mnong'ono ni mvumo uliotandaa katika masafa mengi, yakiwemo ya juu. Mbinu za kubana sauti kwa kiwango kikubwa huanza kupunguza hasa hapo.

Uangalifu unahitajika ili hoja hii isitiwe chumvi. Toni za lugha hubakia kusikika hata katika sauti iliyobanwa sana, kwa kuwa hubebwa na masafa ya chini. Kinachodhurika ni konsonanti za mkwaruzo kama vile /s/ na /ʃ/, mnong'ono, pumzi, na mwangwi wa mahali rekodi ilipofanyiwa. Aidha, hakuna ubora unaoweza kuiokoa sauti inayokatika katikati ya neno.

3.0 Sauti ya Ubora wa Juu Inahitaji Nini

Sauti ya dijitali hupatikana kwa kupima wimbi la sauti mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa idadi fulani ya biti. Santuri ya CD hupima mara 44,100 kwa sekunde, kwa biti 16, katika njia mbili za kushoto na kulia. Zao lake ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. Upimaji huo unatosha kubeba masafa hadi takriban kilohezi 22, ilhali sikio la mwanadamu kijana na mwenye afya huishia karibu na kilohezi 20. Rekodi za daraja la juu zaidi hutumia biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde, sawa na kilobiti 4,608 kwa sekunde, au vipimo 192,000, sawa na kilobiti 9,216.

Kiasi hicho hupunguzwa kwa ubanaji, ambao ni wa aina mbili. Ubanaji unaopoteza, kama wa MP3, huondoa kile kinachokadiriwa kwamba sikio halitakisikia, na kiwango chake cha juu ni kilobiti 320 kwa sekunde. Ubanaji usiopoteza, kama wa FLAC, hupanga upya data bila kutupa chochote, hivyo sauti inayofunguliwa mwishoni ni ileile iliyofungwa. Kwa kawaida hubakiza kati ya nusu na theluthi mbili ya ukubwa wa awali. Kwa hiyo sauti ya daraja la CD hupita katika njia ya takriban megabiti moja kwa sekunde, na ile ya vipimo 96,000 katika takriban megabiti tatu.

Takwimu hizi zinabeba funzo la kwanza. Hata sauti ya vipimo 192,000, ambayo wachache wanaihitaji, haifikii megabiti 10 kwa sekunde. Kifurushi cha kawaida cha nyaya za nuru au cha 4G kinachofanya kazi vizuri kinaizidi. Ikiwa sauti inakatika, upana wa njia si mtuhumiwa wa kwanza.

Mwenye kifurushi cha kupimwa kwa data anapaswa kujua pia gharama ya saa moja ya usikilizaji. Kilobiti 320 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 144 kwa saa. FLAC ya daraja la CD, ikikadiriwa kuwa kilobiti 900, hutumia takriban megabaiti 405. FLAC ya vipimo 96,000 huzidi gigabaiti moja.

4.0 Hitilafu Nne Ndani ya Neno Moja

Data haisafiri mtandaoni kama mkondo usiokatika, ingawa neno "utiririshaji" huashiria hivyo. Hukatwa vipande vinavyoitwa pakiti, kila kimoja kikisafiri peke yake. Kifaa cha kusikilizia hukusanya pakiti katika akiba ndogo, kisha huzicheza kutoka hapo. Mfano wake ni tangi la maji la nyumbani: bomba la mtaa likikatika kwa muda, mfereji jikoni huendelea kutoa maji hadi tangi liishe. Kwa kufuata mfano huo, hitilafu nne zinaweza kutofautishwa.

Ufinyu ni hali ya njia kuwa nyembamba kuliko kinachopitishwa. Hii ndiyo hitilafu pekee inayotibiwa kwa kununua kifurushi kikubwa.

Ukawiaji ni muda ambao pakiti huchukua kwenda na jibu kurudi, ukipimwa kwa milisekunde. Humsumbua anayezungumza kwa simu ya video. Anayesikiliza rekodi huuhisi mara moja tu, baada ya kubonyeza kitufe cha kuchezea, ila una madhara mengine yatakayoelezwa katika sehemu ya tano.

Myumbo ni kubadilikabadilika kwa ukawiaji, pakiti moja ikifika upesi na nyingine ikichelewa. Akiba ya kifaa huumeza myumbo mdogo, lakini myumbo unaodumu kwa sekunde nyingi hulikausha tangi na sauti hukoma.

Upotevu ni kutofika kabisa kwa baadhi ya pakiti. Katika utiririshaji wa muziki, itifaki ya TCP hugundua pengo na kuagiza pakiti iliyopotea itumwe tena. Sauti haichafuki. Ama inafika kamili, ama inakatika.

Jambo moja zaidi huzificha hitilafu hizi. Huduma nyingi za muziki hushusha ubora kimyakimya zinapoona mtandao unayumba. Msikilizaji hasikii mkatiko. Husikia sauti ya daraja la chini akidhani ni ileile aliyoichagua. Mtafiti anayesikiliza rekodi kwa njia hiyo anaweza kutoa hukumu juu ya matamshi kwa kutegemea nakala iliyopunguzwa, bila kujua.

5.0 Hesabu ya Upotevu na Umbali

Upotevu na ukawiaji vikikutana huzaa ufinyu wa bandia. Kila TCP inapoona pakiti imepotea, hudhani njia imesongamana na hupunguza mwendo, kisha huupandisha tena polepole. Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake walieleza uhusiano huo kwa kanuni nyepesi: kasi ya juu inayoweza kufikiwa hukadiriwa kwa kugawanya ukubwa wa pakiti kwa muda wa kwenda na kurudi, kisha kuzidisha kwa takriban 1.22 na kugawanya kwa kipeuo cha pili cha kiwango cha upotevu.

Na ichukuliwe pakiti ya baiti 1,460, na hazina ya sauti iliyo Ulaya kwa umbali wa milisekunde 150 kwenda na kurudi. Upotevu ukiwa asilimia 0.01, kasi hufikia takriban megabiti 9.5 kwa sekunde. Ukiwa asilimia 0.1, hushuka hadi megabiti 3. Ukiwa asilimia 1, yaani pakiti moja tu katika kila mia, hushuka hadi megabiti 0.95, kiasi ambacho hakiachi nafasi yoyote ya usalama kwa FLAC ya daraja la CD. Hali hiyo huwa vilevile kwa mwenye kifurushi cha megabiti 20 na mwenye cha megabiti 100. Mbinu mpya za kudhibiti msongamano huvumilia upotevu vizuri zaidi, lakini msikilizaji hachagui mbinu inayotumiwa na seva ya mbali.

Sasa ichukuliwe kwamba sauti inatoka kwenye akiba ya huduma ya kibiashara iliyo Kigali, kwa milisekunde 15. Upotevu uleule wa asilimia 1 unaruhusu takriban megabiti 9.5. Wimbo unaovuma leo utacheza bila shida, na mwenye nyumba atasema mtandao wake ni mzuri. Akifungua rekodi ya inanga iliyohifadhiwa Tervuren, itasitasita.

Hapa ndipo uzito wa suala lote ulipo. Nyimbo zinazosikilizwa na wengi huwekewa akiba karibu na wasikilizaji. Sauti za mababu wa eneo hili zimehifadhiwa mbali, hazina wasikilizaji wengi wa kushawishi zisogezwe, na hivyo ndizo za kwanza kuathirika kwa kasoro ndogo ya mtandao wa nyumbani. Mwenye nyumba hawezi kuupunguza umbali wa Ubelgiji, lakini anaweza kupunguza upotevu unaozaliwa chini ya paa lake.

6.0 Mazingira ya Gisenyi

Mambo manne ya mahali yanastahili kutajwa kabla ya hatua za marekebisho.

La kwanza ni mawe. Gisenyi iko chini ya milima ya volkano, na mawe meusi yaitwayo amakoro kwa Kinyarwanda hutumika katika misingi, nyua na kuta. Ukuta mnene wa mawe hupunguza nguvu ya mawimbi ya redio kuliko ukuta mwembamba wa matofali, na mawimbi ya gigahezi 5 hudhoofika zaidi kuliko yale ya gigahezi 2.4. Paa la bati nalo huyarudisha mawimbi. Ruta iliyo sebuleni yaweza kuwa na mawimbi hafifu katika chumba cha pili, seuze katika kibanda cha uani.

La pili ni mpaka. Nyumba inayotegemea modemu yenye laini ya simu huwa katika eneo linalofikiwa na minara ya nchi mbili. Ni vyema modemu ipangiwe mtoa huduma mmoja kwa mkono na izimiwe ruhusa ya kutumia mitandao ya nje, isije ikahama yenyewe mawimbi ya nyumbani yanapodhoofika.

La tatu ni umeme na radi. Kukatika kwa umeme kwa sekunde mbili huizima ruta kwa dakika kadhaa, kwa kuwa lazima iwake upya na kuunganishwa upya. Eneo la Kivu, hasa upande wa mashariki ya Kongo, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa radi mara nyingi zaidi, na waya wa shaba unaotoka jengo moja hadi jingine ni njia ya kupitishia mshtuko huo hadi kwenye vifaa.

La nne ni ujirani. Katika mitaa iliyobanana ya karibu na mpaka, kama Mbugangari, ruta nyingi hushindania bendi ya gigahezi 2.4, yenye mikondo mitatu tu isiyoingiliana, yaani wa 1, wa 6 na wa 11.

7.0 Hatua za Uboreshaji

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kuanza na isiyo na gharama. Kila moja ipimwe matokeo yake kabla ya kwenda inayofuata.

7.1 Kupima. Kompyuta yoyote ina amri ya kutuma pakiti ndogo na kuhesabu zinazorudi. Pakiti mia kadhaa zitumwe kwanza kwa ruta ya nyumbani, kisha kwa seva iliyo ndani ya nchi, kisha kwa seva ya mbali. Upotevu ukionekana tayari kati ya kompyuta na ruta, hitilafu imo nyumbani, na mtoa huduma hana kosa. Ruta ikiwa salama na upotevu ukaanzia kwa mtoa huduma, mteja ana ushahidi wa kumpelekea. Upimaji urudiwe mtu mwingine nyumbani akiwa anapakia video, kwa sababu hitilafu nyingi hujitokeza wakati wa mzigo tu.

7.2 Kupanga ruta. Ruta iwekwe mahali pa juu na pa wazi, karibu na chumba cha kusikilizia, mbali na jokofu na ukuta wa mawe. Kifaa kilicho chumba kimoja na ruta kitumie gigahezi 5. Kilicho nyuma ya ukuta kitumie gigahezi 2.4, katika mkondo ambao majirani hawautumii sana.

7.3 Kuvuta waya. Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Waya wa mtandao wa daraja la 5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, hauathiriwi na ujirani wa ruta nyingine, na unaweza kupitishwa pembeni mwa ukuta ndani ya mfereji wa plastiki. Kifaa cha kusikilizia kikiunganishwa kwa waya, myumbo na upotevu wa ndani ya nyumba hukaribia sifuri. Kwa jengo la uani, waya wa nuru wenye vigeuzi viwili ni salama zaidi, kwa kuwa haupitishi umeme wa radi. Pasipowezekana kuvuta waya hadi kwenye kifaa, uvutwe hadi kwenye kituo cha pili cha Wi-Fi kilicho chumba hichohicho. Kirudishi cha mawimbi kisicho na waya hakifai kazi hii, kwani hupokea na kutuma kwa hewa ileile, na aghalabu hupunguza nusu ya uwezo.

7.4 Kutawala foleni. Mtu mmoja anapopakia faili kubwa, pakiti hujazana katika ruta au modemu na kufanya foleni ndefu. Pakiti za sauti hukaa nyuma yake kama mgonjwa wa dharura aliye nyuma ya malori mpakani. Jim Gettys alilitangaza tatizo hili mwanzoni mwa miaka ya 2010, na suluhisho la fq_codel lilichapishwa kama maelezo ya kiufundi ya intaneti mwaka 2018. Ruta zenye uwezo huo, zikiwemo zinazotumia programu huria ya OpenWrt, hugawa zamu kwa haki baina ya mitiririko ya data. Kikomo cha kasi katika ruta kiwekwe chini kidogo ya kasi iliyopimwa, takriban asilimia 85 hadi 90, ili foleni ibaki mikononi mwa ruta ya nyumbani. Anayekubali kupunguza kasi kidogo hupata uthabiti mwingi, na hapa ndipo tofauti ya kasi na uthabiti inapoonekana wazi kuliko penginepo.

7.5 Kulinda umeme. Betri ndogo ya akiba iunganishwe na ruta pamoja na kisanduku cha waya wa nuru. Kukiacha kimojawapo nje ya ulinzi ni sawa na kutolinda chochote. Kizuia mshtuko wa umeme na waya wa ardhini uliofungwa ipasavyo ni sehemu ya hatua hii.

7.6 Kurekebisha kifaa. Ubora wa juu uchaguliwe kwa mkono badala ya kuachiwa programu ijiamulie, na akiba ya kusikilizia iongezwe pale mpangilio unaporuhusu. Aidha, anayepokea FLAC kisha akaituma kwa spika kwa Bluetooth huibana sauti upya kwa mbinu inayopoteza, na hivyo hubatilisha sehemu ya kazi yote iliyotangulia. Waya kati ya kifaa na kikuza sauti ndio ukamilisho wa njia.

7.7 Kuhifadhi nyumbani. Kwa rekodi za utafiti zinazoruhusiwa kunakiliwa, njia ya uhakika kuliko zote ni kuzipakua usiku na kuziweka katika diski iliyounganishwa na mtandao wa nyumbani. Diski ya terabaiti moja hubeba zaidi ya saa 2,000 za FLAC ya daraja la CD. Sauti ikishafika, umbali wa Tervuren haupo tena.

8.0 Yasiyosaidia

Biashara ya sauti ya kifahari ina bidhaa zinazodai kuboresha sauti kwa waya wa mtandao wa bei ya juu au swichi maalumu. Maelezo ya sehemu ya nne yanatosha kuzipima. Pakiti ikifika imeharibika hutupwa na nyingine kuagizwa. Ikifika nzima, biti zake ni zilezile, iwe imepita katika waya wa bei nafuu au wa bei kubwa. Waya wa kawaida usio na kasoro unatosha. Vilevile, kununua kifurushi cha megabiti mia kwa ajili ya sauti ya megabiti moja, kabla ya kupima upotevu, ni sawa na kununua bomba pana ilhali tangi linavuja.

9.0 Istilahi na Sera

Maelezo yaliyotangulia yametolewa kwa Kiswahili bila kukwama, jambo linaloashiria kwamba tatizo si upungufu wa maneno. Ufinyu, ukawiaji, myumbo na upotevu ni maneno yanayotokana na vitenzi na vivumishi vya kawaida, na msemaji wa Gisenyi, Goma au Kigoma anaweza kuyaelewa kwa maelezo mafupi. Kinachokosekana ni kuyasanifisha na kuyatumia mahali ambapo mtumiaji hufanya uamuzi, yaani kwenye matangazo ya vifurushi, mikataba ya huduma na madawati ya malalamiko. Mapendekezo manne yanafuata.

Kwanza, mamlaka za udhibiti za nchi za Jumuiya, ikiwemo RURA kwa upande wa Rwanda, ziwatake watoa huduma watangaze ukawiaji wakati wa mzigo na kiwango cha upotevu, pamoja na kasi.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na BAKITA na Inteko y'Umuco ya Rwanda, isanifishe istilahi hizi sambamba katika Kiswahili na Kinyarwanda, ili mteja na fundi waelewane pande zote za mpaka.

Tatu, hazina za sauti zinazohusu eneo hili zipate nakala ndani ya eneo lenyewe. Rwanda imekuwa na kituo cha kubadilishana data, RINEX, tangu mwaka 2004. Nakala iliyowekwa karibu nacho ingemfikia msikilizaji wa Gisenyi kwa njia fupi. Hesabu ya sehemu ya tano inaonesha kwamba kupunguza umbali mara kumi huongeza kasi inayowezekana mara kumi, bila mteja kununua chochote.

Nne, mafunzo ya mafundi wa mitandao ya nyumbani yajumuishe upimaji wa upotevu na myumbo, badala ya kuishia kwenye kupima kasi.

10.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba sauti ya ubora wa juu hupita katika njia nyembamba kuliko inavyodhaniwa, mradi njia hiyo iwe thabiti, na kwamba katika mazingira ya Gisenyi sehemu kubwa ya uthabiti huo hupotea au hupatikana ndani ya nyumba, kwenye ukuta wa mawe, ruta, foleni na umeme. Hatua nyingi za kuurejesha ni za gharama ndogo, na ya kwanza kati yake, yaani kupima, haina gharama. Lakini upimaji huzaa uamuzi pale tu aliyepima anapokuwa na jina la alichokiona. Mkazi anayeweza kusema kwamba mtandao wake hauna ufinyu bali una upotevu kati ya ruta na chumba cha kulala, tayari ameokoa bei ya kifurushi kipya na amejua mahali pa kupitisha waya.